Rudia Kwanza

Tangu ujana wake mafundi wenzake walimwita Sawasawa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ukianza kumtuma, "Nenda stoo uniletee...", yeye keshaitika sawasawa na keshakupa mgongo, anakwenda kuleta kitu ambacho hujakitaja. Inasemekana hata siku ya ndoa yake aliitikia kabla swali halijaulizwa, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi harusi naye alicheka.

Asubuhi ya usaili bibi harusi huyo, sasa mama wa watoto watatu, hakuwa na kicheko. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na alimfundisha mumewe kwa namna ileile anayowafundisha watoto wa miaka mitano, ila hao humsikiliza.

"Haya, baba watoto, mimi ndio wao. Nakuuliza: kwa nini unataka kazi..."

"Kwa sababu nina uzoefu wa miaka kumi na saba katika..."

"Nimemaliza swali?"

Sawasawa akatikisa kichwa.

"Hesabu moja, mbili, tatu. Kimoyomoyo, usije ukahesabu kwa sauti wakakuona mwehu. Ndipo ufungue mdomo. Na ukisikia moyo unakwenda mbio, bana vidole vya miguu ndani ya kiatu. Huko hakuna atakayekuona."

"Sawasa..."

"Hesabu!"

Akahesabu. Kisha akasema, taratibu, "Nisikilize swali mpaka mwisho, nihesabu tatu, nibane vidole." Mkewe akamtazama kwa mshangao, akamfunga kifungo cha juu cha shati. Kwa miaka miwili nyumba ile ilikuwa ikiendeshwa na mwanamke huyu peke yake, huku mumewe akiokota vibarua vya kufunga taa na kutengeneza swichi. Hakuwahi kumsema. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka bila kulalamika ndiye anayetisha zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya fundi mkuu wa lifti katika hospitali kubwa ya mji, jengo la ghorofa tisa lenye lifti sita. Aliyemletea fomu ni Rula, mwenzake wa zamani, aliyeiona ubaoni siku alipokwenda kliniki ya mguu. Na viatu alivyovaa Sawasawa asubuhi hiyo, vyeusi, vya ngozi, vilivyong'arishwa vikang'ara, vilikuwa vya Rula pia.

"Chukua," Rula alikuwa amemwambia juzi yake, akimsukumia boksi kwa ncha ya gongo. "Mimi nahitaji kimoja tu, na hicho kimoja kikitoka peke yake watu watadhani nimeibiwa mwenzake." Kisha akacheka sana. Sawasawa akajitahidi kucheka naye.

Hapa inabidi kueleza habari ya mguu huo, kwani ndiyo habari yote.

Mafundi wa lifti hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anashuka shimoni, chini kabisa, mahali lifti inapokomea. Mwingine anakaa juu ya paa, katika chumba cha mashine, kwenye swichi kuu. Hawaonani. Kati yao kuna ghorofa tupu na redio mbili za mkononi. Kwa hiyo wana sheria moja, ya zamani kuliko fundi yeyote aliye hai: aliye juu hagusi kitu mpaka arudie alichoambiwa na aliye chini, neno kwa neno. Aliye chini akisikia maneno yake yamerudi kama alivyoyatuma, anasema "sahihi". Yakirudi yamepinda, anasema "sivyo", na wanaanza upya. Wageni huwaona kama watoto wanaoigizana, lakini wenyewe wanajua kwamba sheria hiyo ndiyo inayowarudisha nyumbani jioni.

Rula aliipenda sheria hiyo kuliko wote. Jina lake lilitokana na kupima kwake. Alipima waya mara tatu kabla ya kuukata, alipima hata chai. Kwa miaka tisa yeye alikaa shimoni na Sawasawa akakaa juu, na kwa kuwa Rula alikataa kabisa kuendelea bila kurudiwa maneno yake, Sawasawa alirudia, shingo upande.

Mpaka siku moja, saa nne ya asubuhi. Msimamizi wa jengo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine akifoka kwamba wapangaji wanapanda ngazi kwa miguu, kwamba mkurugenzi fulani anakuja, kwamba mafundi gani hawa wanaoatamia kazi kama kuku mayai. Redio ikasema neno. Sawasawa akajibu neno. Akashusha mkono akawasha. Lifti ilikuwa ghorofa ya tano, na mtu alikuwa ameshabonyeza kitufe cha chini. Rula aliwahi kujibanza ukutani, mwili mzima ukaponea chupuchupu, ila mguu wa kushoto haukuwahi. Kichwa nacho kiligonga zege. Alizinduka siku ya nne, hana mguu, na hana kumbukumbu hata moja ya asubuhi ile.

Siku ya pili, Rula akiwa bado hajitambui, watu wa kampuni walimkalisha Sawasawa kuandika taarifa. Mwenzako alisema nini? Na yeye, akiwa na wanawe watatu kichwani, akajibu haraka, kama kawaida yake, kwamba alisema ametoka.

Ndivyo ilivyoandikwa: fundi wa shimoni alitoa taarifa isiyo ya kweli. Kampuni ikavunja kikosi kizima cha lifti, wote wakaenda nyumbani. Na Rula, yule aliyepima hata chai, akaambiwa kitandani kwamba mguu wake ameukata kwa ulimi wake mwenyewe. Aliamini, kwa kuwa hakuwa na kumbukumbu ya kubishana nayo. Tangu hapo, kila Sawasawa alipomtembelea, kabla ya kuagana Rula alisema maneno yaleyale: "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuponza." Na Sawasawa alijibu, "Yaishe." Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wakati mwingine huwa ndefu, miaka miwili mizima, na mwongo anaitembea kila Jumapili kwenda kumjulia hali rafiki yake.

* * *

Sebule ya kusubiria ilikuwa na viti saba vya plastiki na watahiniwa wanne. Kijana mmoja alikuwa akisoma karatasi kwa kunong'ona. Mzee mmoja alilala, au alijifanya. Sawasawa alikaa karibu na mlango, akasikiliza lifti za hospitali zikipita nyuma ya ukuta. Ya pili ilikuwa na mlango unaosita kidogo kabla ya kufunga. Kusikiliza mashine hakukuwahi kumshinda. Watu ndio waliomshinda.

Alipoitwa, moyo ulikuwa umeshaanza mbio zake. Ndani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu. Katikati aliketi mhandisi wa hospitali, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Kushoto kwake bwana wa utumishi, suti ya kijivu na faili lililonenepa. Kulia muuguzi mkuu, mwenye macho ya mtu aliyeona mengi na kulala kidogo.

"Karibu, keti," alisema mhandisi. "Tueleze kidogo kuhusu..."

Mdomo wa Sawasawa ulikuwa umeshafunguka. Akaubana, akabana na vidole.

"... kuhusu lifti ngumu kuliko zote ulizowahi kutengeneza."

Moja, mbili, tatu. Akashangaa. Alikuwa tayari kuwaeleza kuhusu yeye mwenyewe, mahali alipozaliwa na vyeti vyake, na kumbe walichokitaka ni lifti. Akawaeleza lifti. Akaeleza taratibu, na mhandisi akavaa miwani akaanza kuandika, na bwana wa utumishi, ambaye hakuelewa hata theluthi, akatikisa kichwa kwa heshima.

Muuguzi mkuu akauliza la kwake. "Lifti imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani kuna mgonjwa kwenye kitanda cha magurudumu, na muuguzi. Nje kuna ndugu wa mgonjwa, anapiga mlango, anapiga kelele, anakushika shati. Unafanya nini kwanza?"

Zamani angekwisha kusema, "Nakimbia chumba cha mashine." Akahesabu. "Umeniuliza ninachofanya kwanza," alisema, "na ndani kuna mgonjwa na muuguzi, na nje kuna ndugu aliyenishika shati."

"Ndivyo."

"Kwanza naongea na muuguzi aliye ndani. Nimuulize mgonjwa ana hali gani, maana yeye ndiye anayejua tuna muda kiasi gani. Kelele za ndugu nazivumilia. Siwezi kuziacha zinipangie kazi."

Aliposema neno la mwisho alimkumbuka msimamizi akifoka mlangoni. Muuguzi mkuu aliegemea kiti, akamtazama mhandisi, na mtazamo huo hata kipofu angeuelewa. Kazi ilikuwa imeshakaribia kuwa yake. Sawasawa alimwona mkewe akivua viatu baada ya shule na kukaa chini bila kuogopa mwezi unaokuja. Alimwona waziwazi kabisa, na furaha ikampanda.

Mhandisi akavuta karatasi kutoka kwenye faili.

"Nimeipata taarifa ya ajali yenu ya miaka miwili iliyopita," alisema. "Pole sana."

"Asante, mama."

"Inasema mwenzako aliyekuwa shimoni alikuambia kwenye redio kwamba ametoka. Ndipo ukawasha." Akavua miwani. "Mimi nilianza kazi nikiwa shimoni, miaka sita. Nina swali moja tu. Alipokuambia ametoka, ulimrudia?"

Lifti ya pili ikapita nyuma ya ukuta, mlango ukasita, ukafunga.

Bwana wa utumishi alitabasamu kwa huruma, akataka kumvusha mto. "Mhandisi anataka tu kuthibitisha. Taarifa ilishafungwa, haina utata. Jibu ndiyo, tuendelee."

Sawasawa akabana vidole. Ndani ya viatu vya Rula akavibana, na cha kushoto kikambana zaidi, au alidhani hivyo. Moja. Kwa miaka miwili alikuwa amejiambia kwamba hakusikia, kwamba msimamizi alikuwa akifoka, kwamba redio ilikwaruza. Mbili. Lakini sasa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa kimya kiasi cha kutosha, sauti ya Rula ikaja yote, safi, bila mkwaruzo wowote. Tatu. Alikuwa ameisikia siku ile. Masikio yake yalikuwa mazima. Alichokosa ni kungoja.

"Sikumrudia," alisema.

Mhandisi hakuandika.

"Na hakusema ametoka." Sauti yake ilikuwa tulivu mpaka ikamtisha mwenyewe. "Alisema, 'Niko chini, usiwashe mpaka nikuambie nimetoka.' Mimi nikajibu sawasawa, nikawasha. Taarifa hiyo ni uongo wangu. Mwenzangu hakukosea."

Tabasamu la bwana wa utumishi lilibaki usoni peke yake, mwenyewe keshaondoka. "Unaelewa kwamba hili inabidi niliandike?"

"Liandike. Nitasaini."

Akaandika, na Sawasawa akasaini. Muuguzi mkuu alikuwa akitazama dirishani. Mhandisi alimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

"Huyo mwenzako anajua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajui. Hakumbuki kitu."

"Basi umeanza na watu wasiohusika," alisema mhandisi. "Utapata barua."

Barua ya kusema nini, hata mtoto wa chekechea angeijua.

* * *

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Rula kwa miguu, na kila hatua alijiambia apitie kwanza kwa mkewe, amweleze, apate ushauri, aende kesho. La kuvunda halina ubani. Akazidisha mwendo ili asipate nafasi ya kujishauri.

Rula alikuwa barazani, gongo limeegemea ukuta, pasi ya umeme ya jirani imefumuliwa mapajani na skrubu zimepangwa juu ya kitambaa, ndogo mpaka kubwa. Alipomwona uso ulimchanua.

"Haya! Fundi mkuu! Mama watoto, njoo, shemeji yako kafika!"

Mkewe akatoka ndani akijifuta mikono. "Karibu, shemeji. Wamesemaje?"

"Mwache akae kwanza," alisema Rula. "Keti, ndugu yangu. Anza mwanzo. Walikuwa wangapi mezani?"

Sawasawa hakuketi.

"Rula," alisema. "Nina ujumbe."

Ndivyo walivyoanza siku zote redioni. Rula akaweka bisibisi chini. Mtu aliyekaa miaka tisa shimoni hawezi kusikia maneno hayo bila kunyamaza.

"Siku ile hukusema umetoka. Ulisema, 'Niko chini, usiwashe mpaka nikuambie nimetoka.' Nilikusikia. Sikukurudia. Nilisema sawasawa, nikawasha. Halafu nikawadanganya kwamba ulisema umetoka. Hukukosea. Nilikosea mimi."

Skrubu moja ilibingirika kutoka kwenye kitambaa ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota. Mke wa Rula alikuwa ameshika mlango.

Kisha Rula akafanya lile ambalo Sawasawa hakulitegemea, ingawa angepaswa kulitegemea kuliko jambo lolote duniani.

"Narudia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya shimoni, nzito, ya polepole. "Nilisema, niko chini, usiwashe mpaka nikuambie nimetoka. Ulinisikia. Hukurudia. Ulisema sawasawa, ukawasha. Ukawaambia nilisema nimetoka."

"Sahihi," alisema Sawasawa.

"Nilisema hivyo hasa? Niko chini?"

"Hivyo hasa."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

Macho ya Rula yakajaa. Akamgeukia mkewe, na sauti ikampanda kwa furaha ambayo ilikuwa mbaya kuitazama.

"Mama watoto, umesikia? Nilisema vizuri! Kumbe nilisema vizuri!" Akapiga paja lake, lile la mguu usiokuwepo. "Miaka miwili nalala najiuliza, mimi, mimi Rula, niliwezaje kusema nimetoka na mimi niko ndani? Nikasema labda akili yangu ilishaanza kuharibika. Nikaogopa hata kukutuma dukani, nisije nikataja kitu sicho. Kumbe nilisema vizuri!"

Mkewe akaja akapiga magoti kando ya kiti, akamshika kichwa. Walilia wote wawili. Sawasawa alisimama palepale, mikono imelegea, asiyehitajika.

Kisha furaha ikamtoka Rula polepole, na kile kilichokuwa chini yake kikaonekana. Akamtazama rafiki yake kuanzia kichwani, shati lililopigwa pasi, mkanda, suruali, akashuka mpaka chini. Akatazama hapo chini kwa muda.

"Kila Jumapili," alisema. "Nilikuomba radhi kila Jumapili. Na wewe ukaniambia yaishe."

Sawasawa naye akavitazama viatu.

"Viatu viache hapo," alisema Rula. "Halafu nenda. Usirudi mpaka nikuite."

Neno lilikuwa limeshafika ulimini mwa Sawasawa, lilelile la miaka yote. Akalimeza. Akainama, akafungua kamba za cha kulia, akafungua za cha kushoto, akavipanga ukutani kando ya gongo, visigino sawa kwa sawa, kama Rula mwenyewe angevipanga. Akasimama na soksi tupu. Moja, mbili, tatu.

"Niache viatu hapa," alisema. "Niende. Nisirudi mpaka uniite."

Rula alikuwa ameshaichukua bisibisi yake na kuinamia pasi ya jirani. Hakuinua uso.

"Sahihi," alisema.